Jinsi ya kujua kama timu yako ya hoki inajua kuchagua na kulea madogo (mfano: Winnipeg Jets)

Kila mwaka drafti ya NHL (pale timu za ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada zinapochagua vijana) ikiisha, siku mbili tu baadaye unaona watu wanagawa maksi, timu fulani A, timu fulani C, na dogo mwenyewe ana miaka 18 bado anakaa kwa mama yake. Maksi hizo hazina maana yoyote wadau. Mimi naishi Winnipeg, kazini kwetu ghalani hoki ndiyo stori ya asubuhi mpaka jioni, na miaka ya mwanzo nilikuwa nabishana kama kasuku, narudia tu nilichosikia. Baadaye nikaamua kufungua daftari langu la eksel nihesabu mwenyewe. Naelezea hapa ninavyofanya, nawe unaweza kuifanyia timu yoyote.

Kwa sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu: huku timu haiendi tu kumsajili kijana inayemtaka. Timu zipo 32, drafti ina raundi 7, wanachagua kwa zamu na walioshika mkia wanaingizwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua mwanzo. Ukishachaguliwa haki zako ni za timu hiyo. Halafu wengi hawaingii NHL mwaka huo, wanarudi ligi za vijana za Kanada, au chuo Marekani, au nyumbani kwao Ulaya, au wakishafika umri wanapelekwa AHL ambayo ndiyo ligi ya chini yake. Kwa hiyo kuna kazi mbili hapo, kuna kuchagua na kuna kulea, na watu karibu wote wanazichanganya.

Anza hivi. Chukua drafti za zamani, sio za juzi. Mimi sigusi drafti yoyote ambayo haijafikisha miaka mitano, na makipa nawapa hata zaidi ya hapo. Andika kila aliyechaguliwa, namba aliyochaguliwa, mechi alizocheza NHL, na yuko wapi sasa. Usiandike majina mazuri tu, andika wote, maana waliopotea ndio wanaokuambia ukweli. Mechi 200 kwangu ndio mstari, akizipita nasema huyu alifika. Huo mstari sio sheria ya mtu, msimu mmoja ni mechi 80 na kidogo kwa hiyo mechi 200 ni kama misimu miwili na nusu, dogo hawezi kuibahatisha.

Sasa tuangalie Jets, drafti ya 2012, maana ndiyo iliyonifungua macho. Namba 9 walimchukua beki Jacob Trouba. Sawa, namba 9 unategemea upate mtu, na walipata mtu, kacheza mamia ya mechi. Namba 39 wakamchukua Lukas Sutter, ukoo wa Sutter unaojulikana Kanada nzima kwa hoki, na huyu hakucheza hata mechi moja ya NHL. Namba 70 Scott Kosmachuk, akagusa NHL kidogo tu. Halafu namba 130, raundi ya 5, wakamchukua kipa mmoja mrefu aliyekuwa anadakia timu ya vijana huko Odessa, Texas, mji wa visima vya mafuta na jua kali, sehemu ambayo skauti haendi kwa matembezi. Huyo ndiye Connor Hellebuyck. Leo ana tuzo ya Vezina ya kipa bora mara tatu, 2020, 2024 na 2025, na hiyo 2025 akabeba na Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima.

Ukiisoma hiyo haraka utasema aisee Jets wana macho. Subiri kwanza. Kama walijua kwamba Hellebuyck atakuwa Hellebuyck, mbona walimchukua Sutter kabla yake? Walimpita wenyewe mara tatu! Hawakujua. Walimpenda kiasi cha kumtupia raundi ya 5, basi. Detroit nao ni hivyo hivyo, kila mtu anawasifia kwa Pavel Datsyuk namba 171 mwaka 1998 na Henrik Zetterberg namba 210 mwaka 1999, na kweli skauti wao wa Ulaya alifanya kazi, ila mtu mwenye uhakika na almasi haiachi mezani mpaka namba 210. Kwa hiyo kwenye daftari langu, kwa Hellebuyck nawapa alama nusu waliomchagua, na alama nzima waliomlea. Maana angalia njia yake: alichaguliwa 2012, akaachwa aende chuo UMass Lowell miaka miwili, akaenda AHL huko St. John's ambako alidaka mechi nyingi, ndipo Novemba 2015 akaingia NHL. Hakuna aliyemkimbiza. Timu ngapi zinaharibu kipa kwa kumtupa golini na miaka 20 kwa sababu yule mkubwa kaumia goti?

Kitu cha pili, msiwasifie skauti kwa vitu ambavyo hata mimi ningefanya. Jets walimpata Patrik Laine namba 2 mwaka 2016. Bahati nasibu ndiyo iliyowapandisha, na dunia nzima ilijua wa kwanza ni Auston Matthews wa pili ni Laine. Laine akapiga magoli 36 msimu wa kwanza, 44 wa pili, watu wakaimba nyimbo, lakini hapo skauti kafanya kazi gani? Edmonton walichagua namba 1 miaka mitatu mfululizo, 2010 Taylor Hall, 2011 Ryan Nugent-Hopkins, 2012 Nail Yakupov, na timu ikabaki palepale mkiani. Kwa hiyo namba 1 mpaka 3 mimi naziweka pembeni na rangi yake, nazisoma mwisho. Uwezo wa skauti unaonekana kuanzia katikati ya raundi ya kwanza kushuka chini, hapo kwenye giza.

Na kwenye giza ndio tunatumia majirani. Usiulize tu dogo amekuwa mzuri, uliza waliochaguliwa nyuma yake tano au kumi wamekuwaje. Mfano unaouma kuliko yote ni Boston 2015. Walikuwa na namba 13, 14 na 15, tatu mfululizo, walizipata mbili kwa kuwauza Milan Lucic na Dougie Hamilton. Wakachukua Jakub Zboril, Jake DeBrusk, Zachary Senyshyn. DeBrusk alifika, hao wawili hata mechi 100 za NHL hawakufikisha. Sasa tazama waliofuata: namba 16 Mathew Barzal akaenda Islanders ya New York, namba 17 Kyle Connor akaja kwetu Winnipeg, namba 18 Thomas Chabot akaenda Ottawa. Watatu kwa watatu! Jamaa mmoja kazini ni shabiki wa Boston, ukitaka kumharibia siku mtajie tu 16, 17, 18.

Lakini hapohapo kuwa mwangalifu, maana Boston hao hao mwaka mmoja kabla walimchukua David Pastrnak namba 25, na mwaka mmoja baadaye Charlie McAvoy namba 14. Ukiwahukumu kwa 2015 pekee utasema ni vipofu, ukiwahukumu kwa 2014 na 2016 utasema ni manabii. Ndio maana nasema chukua angalau drafti tano au sita pamoja, chini ya hapo unapima bahati tu.

Sasa nikifanya hivyo kwa Jets, 2011 mpaka 2016, picha inakuja. 2011 Mark Scheifele namba 7 na Adam Lowry namba 67, huyu Lowry ndiye kapteni tangu 2023. 2012 nimeshasema. 2013 beki Josh Morrissey namba 13, na Andrew Copp namba 104. 2014 Nikolaj Ehlers namba 9. 2015 Connor namba 17, na Mason Appleton namba 168 raundi ya 6. 2016 ni Laine, nimeshamsema. Yaani karibu kila mwaka kuna mtu wa juu na kuna mtu wa chini aliyetoka. Na hii ni timu iliyohamia hapa kutoka Atlanta mwaka 2011, mji mdogo wenye baridi la nyuzi 30 chini ya sifuri, mchezaji huru mwenye hela zake mara nyingi hauchagui, kwa hiyo wasipozaa wenyewe hawali. Msimu wa 2024-25 walimaliza wa kwanza ligi nzima kwa pointi, na uti wa mgongo wa timu msimu huo ulikuwa wengi wa haohao niliowataja.

Nirudi kwenye malezi maana hapa ndipo watu wanapita haraka. Dogo akisaini mkataba wa kwanza akiwa 18 au 19, timu inaweza kumchezesha mechi 9 za NHL kisha ikamrudisha ligi ya vijana na ule mwaka wa mkataba hauhesabiki. Ya 10 ikichezwa, mwaka umeliwa. Kwa hiyo angalia timu inafanya nini kwenye hizo 9. Scheifele walimchezesha 7 mwaka 2011, wakamrudisha Barrie, timu yake ya vijana. Mwaka uliofuata 4, wakamrudisha tena. Watu mji mzima walilalamika, wengine walishasema tungemchukua Sean Couturier aliyekwenda Philadelphia namba 8, yeye alikuwa tayari anacheza. Scheifele akaingia moja kwa moja 2013 na hakutoka tena, sasa yuko juu ya mechi 800. Kule Barrie kocha wake alikuwa Dale Hawerchuk, yule nyota wa Jets ya zamani (iliyokuwepo hapa kabla ya hii iliyotoka Atlanta), kwa hiyo dogo hakuwa ametupwa, alikuwa ameachwa kwa mjomba.

Na Connor ndiye ninayempenda kutumia kama kipimo. Alikuwa chuo Michigan mwaka mmoja akaua ligi nzima kwa pointi (magoli na pasi za magoli ukijumlisha), akaja Jets msimu wa 2016-17, mechi 20 hivi mambo magumu, wakamshusha Manitoba Moose ya AHL. Moose inacheza uwanja uleule na Jets, tangu 2015, kabla ya hapo timu ya chini ilikuwa St. John's, mwisho kabisa wa Kanada upande wa bahari. Hii tu ya kuileta jirani ni kitu cha kuandika kwenye daftari, kwa sababu kocha wa juu anashuka ngazi anamuona dogo kwa macho yake. Tiketi za Moose ni nafuu, nikaenda. Sikuangalia magoli. Nilikaa juu kabisa kwenye kona nikamfuata yeye tu hata paki ikiwa upande mwingine (paki ni kile kisahani cheusi), nikahesabu mara ngapi anageuza shingo kuangalia nyuma ya bega kabla pasi haijamfika. Mwanzo alikuwa anapokea halafu ndio anatafuta, beki tayari kamfikia, anabanwa kwenye ubao wa pembeni ya uwanja. Nilirudi baada ya miezi kadhaa, anageuza shingo mara mbili, paki ikifika yeye alishaamua zamani. Alimaliza na magoli 25 kwa mechi 52 huko chini, na msimu uliofuata akapiga 31 NHL. Ukienda uwanjani fanya hivyo, chagua dogo mmoja, mwangalie asipokuwa na paki.

Kama huwezi kwenda, tumia namba lakini zitafsiri. Pointi 90 kwenye ligi ya vijana sio sawa na pointi 20 za dogo wa miaka 18 anayecheza na watu wazima Sweden, mara nyingi huyo wa 20 ndiye bora. Pia angalia tarehe ya kuzaliwa. Mpaka wa drafti ni tarehe 15 Septemba, Matthews alizaliwa tarehe 17 akakosa drafti ya 2015 kwa siku mbili, akaingia 2016 akiwa karibu mwaka mzima mkubwa kuliko baadhi ya wenzake. Dogo aliyezaliwa Septemba mwanzoni na bado anapambana na hao, huyo mpe muda.

Kuna wale wanaosumbua daftari. Rutger McGroarty, Jets walimchagua namba 14 mwaka 2022, akakataa kusaini, Agosti 2024 wakampeleka Pittsburgh wakapewa Brayden Yager. Kuchagua hapo walikosea? Kipaji anacho. Malezi? Hawakupata hata nafasi ya kumlea. Mimi nimemwekea safu yake peke yake, nimeandika Yager pembeni na alama ya kuuliza, na sitaifuta mpaka 2027 huko.