Kufuma kwa Krosheti Bakuli la Kulishia Ndege kwa Uzi wa Nyavu

Mvua za kwanza zinapoanguka Kigoma, kwa kawaida kati ya mwezi Oktoba na Novemba, nyasi huchipua kila mahali na bustani huonekana kuwa imejaa neema. Kwa ndege wanaokula mbegu, kama vile chiriku, shomoro na minana, kipindi hicho huwa kigumu, kwa sababu mbegu zilizokuwa zimelala juu ya udongo tangu mwisho wa masika huota kwa pamoja, na majani mapya huhitaji majuma kadhaa kabla ya kuzaa mbegu nyingine. Basi anayetaka kuwawekea ndege chakula bustanini mwake afahamu kwamba wakati wanapokihitaji zaidi ndio wakati ambao mvua hukiharibu upesi zaidi, na chombo atakachofuma ni lazima kiweze kuihimili mvua hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na mtindo wa kufuma mfuko wa uzi na kumimina nafaka moja kwa moja ndani yake. Mfuko wa namna hiyo hupendeza siku ya kwanza, lakini ukilowa, nafaka hushikamana na uzi, huchacha, kisha huota kuvu mahali ambapo brashi haiwezi kufika. Katika maelezo haya uzi unafanya kazi ya kubeba tu. Chakula kinakaa ndani ya kibakuli kinachotolewa, kikaoshwa na kurudishwa, na ufumaji wote unakipakata kibakuli hicho kwa nje.

Uzi unaofaa kuliko wote hapa kwetu ni ule wa nailoni uliosokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo, unaouzwa katika maduka ya zana za uvuvi na kutumiwa kushonea nyavu na kamba zake. Chagua wenye unene wa milimita 2 hadi 3. Hauozi kwa maji na hukauka haraka. Uzi wa pamba ni laini mkononi na nisingemkataza mtu kujifunzia, lakini hunyonya maji na kuoza kabla msimu wa mvua haujaisha. Kamba ya katani ina nguvu, ila hutoa nywele nyingi, na minana, ambao hujulikana kwa kuchanachana majani ya michikichi ili kusuka viota vyao, watazivuta nywele hizo na kuzipeleka kiotani, ambako zinaweza kumfunga kinda mguu. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie vipande vya wavu mkuukuu, hasa ule wa uzi mmoja mwembamba unaong'aa. Uzi huo unanasa kucha za ndege kama unavyonasa samaki, na ndege aliyenaswa hujikaza mpaka akaumia.

Mita 50 za uzi zinatosha, na pengine utabakiwa na kidogo. Pamoja na uzi, tafuta sindano ya krosheti ya milimita 4 au 4.5, pete ya chuma ya kuning'inizia (pete kubwa ya funguo inafaa kabisa), kiberiti, mkasi, na kibakuli cha plastiki chenye mdomo wa sentimita 15 hivi, kitako cha sentimita 10, na kina cha sentimita 5. Kibakuli kiwe na ukingo uliopinda nje, kwa kuwa ukingo huo ndio utakaokaa juu ya ufumaji na kukizuia kisizame. Pasha msumari moto na utoboe matundu matano au sita kwenye kitako, madogo kiasi kwamba ulezi hauwezi kupita lakini maji yanapita.

Nailoni huteleza na huchosha vidole kuliko pamba, kwa hiyo zungushia kitambaa chembamba au plasta kidole cha shahada kinachoongoza uzi. Fuma kwa kukaza. Uzi uliolegea ndio unaoacha vitanzi vilivyo wazi, na ukucha wa ndege huingia katika kitanzi kilicho wazi kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani.

Nitatumia majina matatu ya mishono. Mshono mfupi ni ule ambao unaingiza sindano, unavuta uzi upate vitanzi viwili juu ya sindano, kisha unachukua uzi na kuupitisha katika vyote viwili mara moja. Mshono mrefu ni ule ambao unazungusha kwanza uzi juu ya sindano, unaingiza na kuvuta upate vitanzi vitatu, unapitisha uzi katika viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. Mshono wa kuungia ni kuingiza sindano na kuuvuta uzi upite kote, bila kuongeza kimo.

Anza na kitako. Tengeneza kitanzi kinachokazika, fuma ndani yake mishono mifupi 6, kisha vuta mkia wa uzi mpaka tundu la katikati lifunge. Mzunguko wa pili weka mishono miwili katika kila mmoja, upate 12. Mzunguko wa tatu weka miwili katika mshono mmoja na mmoja katika unaofuata, upate 18, na uendelee hivyo ukiongeza mishono 6 katika kila mzunguko: 24, 30, 36, 42, mpaka ufike 48 katika mzunguko wa nane. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, maana duara la mishono mifupi halioneshi lilipoanzia na hesabu hupotea bila mfumaji kujua. Kufikia hapo duara litakuwa na upana wa sentimita 10 hivi. Likae bapa juu ya meza. Likianza kujikunja juu umesahau kuongeza mishono, na likipinda pinda kama jani lililokauka umeongeza kupita kiasi. Lilinganishe na kitako cha kibakuli chako, na kama kibakuli ni kipana zaidi, ongeza mzunguko mmoja wenye mishono 54 na ubadilishe hesabu zinazofuata.

Sasa zinakuja kuta, na hapa ufumaji unafunguka kidogo ili upepo upite na uzi ukauke. Funga mzunguko wa nane kwa mshono wa kuungia. Fuma mnyororo wa vitanzi 4 (kila kitanzi ni uzi uliovutwa kupita katika kile kilicho juu ya sindano), ambavyo vitatu vya kwanza vinahesabiwa kuwa mshono mrefu na cha nne ni nafasi. Ruka mshono mmoja, fuma mshono mrefu katika unaofuata, weka kitanzi kimoja cha mnyororo, ruka mmoja tena, na uzunguke hivyo hadi mwisho. Utapata mishono mirefu 24. Ungia kwenye kitanzi cha tatu cha mnyororo ulioanzia. Katika mzunguko wa kumi, anza na mnyororo wa vitanzi 5, kisha fuma mshono mrefu juu ya kila mshono mrefu, ukiweka vitanzi viwili vya mnyororo katikati badala ya kimoja, na hivyo ukuta utatanuka kuufuata mdomo wa kibakuli. Nafasi hizi zina upana wa sentimita 1 hivi na zinalala zikiwa zimebana kwenye plastiki. Usishawishike kuziongeza ziwe matao makubwa ya mapambo, hata kama unajua kuyafuma vizuri, kwa kuwa tao lililolegea pembeni ya chakula ni mtego.

Mzunguko wa kumi na moja ni ukingo. Weka mshono mfupi mmoja juu ya kila mshono mrefu na mishono mifupi miwili katika kila nafasi, jumla 72, na rudia mzunguko mmoja zaidi wa mishono mifupi bila kuongeza. Ingiza kibakuli sasa, kabla ya kuendelea. Ukingo wa ufumaji unapaswa kukaa chini kidogo ya ukingo wa plastiki na kubana bila kulazimishwa. Ukipwaya, fumua mizunguko hiyo miwili ya mwisho na uifume upya kwa sindano nyembamba zaidi. Ni kazi ya dakika chache, na bakuli linalocheza ndani ya wavu wake litamwaga chakula kila upepo wa kutoka ziwani unapovuma.

Mikono ya kuning'inizia inafumwa bila kukata uzi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hii, kwa sababu nguvu yote ya chombo inatokana na uzi mmoja usio na viungo. Ukiwa mwanzoni mwa ukingo, fuma mnyororo wa vitanzi 60, ambao utakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Ingiza sindano ndani ya pete ya chuma na fuma mshono mfupi mmoja kuizunguka. Kisha rudi chini kwa kuweka mshono mfupi katika kila kitanzi cha mnyororo mpaka ufike ukingoni, na uungie katika mshono ule ule ulioanzia. Mkono utakuwa umekuwa kamba nene isiyo na kitanzi wazi. Tembea kwa mishono ya kuungia 18 kando ya ukingo, ambayo pia inauimarisha, na ufume mkono wa pili kwa njia hiyo hiyo, ukiangalia mnyororo usijisokote kabla ya kuuingiza kwenye pete. Mikono minne inatosha. Kama mtaani kwenu kuna kunguru wengi, fuma sita, mmoja kila baada ya mishono 12. Nafasi kati yake zitawapitisha chiriku na shomoro, lakini kunguru atapata taabu kuingiza mwili wake.

Ukimaliza, pitisha mkia wa uzi ndani ya mishono kwa urefu wa sentimita 5, urudi nao upande wa pili, ukate karibu, kisha uyeyushe ncha kwa moto wa kiberiti na kuibonyeza kwa upande wa mkasi. Nailoni ambayo haikuyeyushwa hufumuka na kuacha nyuzi zilizosimama. Jaza kibakuli mchanga upatao kilo 1 na ukiache kimening'inia usiku kucha ili mafundo yajikaze na uzi ufike urefu wake wa kweli. Mkono ulioonekana mfupi kuliko mingine asubuhi hurekebishwa kwa kuvutwa kidogo kwa mkono.

Kitundike mahali palipo na kivuli na kinga ya mvua, kama vile chini ya tawi nene la mwembe au chini ya upenu, kwa kimo cha mita 2 kutoka ardhini na mbali na shina ambalo paka anaweza kulipanda na kuruka. Kama kuna dirisha la kioo, kitundike karibu nalo kwa umbali usiozidi mita 1, ili ndege anayeshtuka asipate mwendo wa kujigonga kwa nguvu, au kipeleke mbali kabisa. Usikitundike juu ya banda au uwanja wa kuku: ndege wa porini wanaweza kubeba virusi vya kideri, na kinyesi kinachodondoka kwenye maji ya kuku ni hatari ambayo inaepukika. Vilevile, ikiwa jirani yako ana mtama au mpunga unaokaribia kukomaa, mwache avune kwanza, kwani si haki kuwaita minana na kwelea kwelea hadi kwenye uzio wake.

Chakula kiwe ulezi, mtama, uwele, au chenga za mchele zisizopikwa, kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo. Shore hapendi nafaka sana, lakini kipande cha papai au ndizi mbivu kitamleta. Chumvi, mafuta na mabaki ya ugali yaache jikoni. Kuhusu karanga nasisitiza: zenye madoa, zilizonyauka au zinazonuka zisipewe ndege yeyote. Kuvu inayoziota hutoa sumukuvu, na mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, tukio ambalo ndilo lililowafanya wanasayansi waigundue.

Kila juma toa kibakuli, mwaga masalia, kisugue kwa maji ya moto na sabuni, kisha kiloweke kwa muda mfupi katika maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, ukisuuze na kukikausha juani. Ufumaji nao uoshwe kwa maji ya moto na sabuni mara moja kwa mwezi, bila dawa ya klorini, ambayo hudhoofisha nailoni. Ukimwona ndege aliyejivimbisha manyoya, mzito wa kuruka na asiyejali unapomkaribia, ondoa chakula kwa majuma mawili, maana ndege wagonjwa huambukizana wanapokusanyika mahali pamoja.

Jua hudhoofisha nailoni polepole hata pale ambapo mvua haikuiweza. Kagua pete, ukingo na miguu ya mikono kila mwisho wa kiangazi. Uzi ukiwa umepauka na kutoa unga unapousugua, toa kibakuli na pete uvitumie katika ufumaji mpya, na uukatekate ule wa zamani vipande vifupi kabla ya kuutupa jalalani.