Namna ya kuikagua R1 ya kuanzia 2015 kabla ya kuilipia Dar

Pikipiki ya mbio ikiundwa upya, maneno huwa mengi. Mmoja anasifu nguvu, wa pili analia na joto, wa tatu anaapa kwamba ile ya zamani ilikuwa bora. Yamaha YZF-R1 iliyobadilishwa mwaka 2015 imesemwa hivyo kwa miaka, na kwa kuwa sasa zinapatikana za mtumba, mnunuzi wa Dar anakutana na maneno hayo kabla hajaiona pikipiki yenyewe. Tatizo ni kwamba wengi waliosema wanaendesha kwenye viwanja vya mashindano au barabara zenye baridi. Hapa kipimo ni foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni. Sifa nyingine zinapungua thamani zikifika pale, na lawama ambazo kwingine ni ndogo zinageuka kuwa ndizo hasa za kuangalia.

Kwanza ujue ni ipi unayoangalia. R1 za 2009 hadi 2014 zina nguvu za farasi 182, uzito wa kilo 206 na tangi la lita 18. Ya 2015 ilifika karibu farasi 200, ikashuka hadi kilo 199, tangi likawa lita 17, na kiti kikapanda kutoka milimita 835 hadi 855. Mtu wa kimo cha kawaida atasimama kwa ncha za vidole, jambo ambalo si zuri ukilazimika kusimama pembeni kwenye mchanga. Ya 2015 ndiyo iliyoleta pia sensa inayopima mlalo wa pikipiki pande zote, ili kompyuta izuie gurudumu kuteleza au kunyanyuka. Kubadilisha gia bila klachi kulikuwa kwa kupandisha tu, na toleo la 2018 likaongeza kushusha. La 2020 lilibadilishwa shokapu za mbele na uso. Muuzaji akikuambia ni ya 2018 halafu haishushi gia bila klachi, uliza kwa nini.

Gia ya kwanza ni ndefu mno

Hii ndiyo lawama wanayokubaliana karibu wote, na kwa Dar ndiyo nzito kuliko zote. Piga hesabu: sproketi za kiwandani, yaani magurudumu ya meno yanayobeba cheni, ni meno 16 mbele na 41 nyuma, na kwa uwiano wa gia zake, gia ya kwanza peke yake inafika kilomita 150 na ushee kwa saa. Hiyo ni sifa kwenye uwanja wa mbio. Upande wa pili wa hesabu ni huu: injini ikinguruma kwa mizunguko 1,300 kwa dakika bila kuvutwa mafuta, klachi imeachiwa yote, pikipiki inataka kwenda kilomita 14 au 15 kwa saa. Foleni ya kuelekea Tegeta inakwenda kilomita 5. Tofauti hiyo inalipwa na klachi, maana utakuwa umeishika nusu muda wote, sahani zinasuguana, oili inapata moto.

Kwa hiyo klachi ya R1 iliyokwisha kutembea mjini ikague kwa makini. Nafasi ya kucheza kwenye ncha ya mpini wa klachi iwe milimita 10 hadi 15. Kisha, barabarani, ingiza gia ya nne kwenye mwendo wa kawaida, vuta mafuta kwa ghafla kidogo. Mshale wa mizunguko ukiruka lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Huhitaji mwendo wa hatari kulibaini hilo, na kumbuka kwamba ndani ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukirudi, fungua kifuniko cha oili unuse. Harufu ya kuungua ikiwa kali, sahani zimeshaliwa.

Tiba ya gia ndefu ipo, na tutairudia mwishoni.

Joto: jaribio la feni

Waliolalamika kwamba R1 inachoma mapaja hawakusema uongo, ila wengi wao walikuwa na nyuzi 20 nje. Hapa mchana ni 32 na unyevu juu yake. Joto lenyewe si ubovu. Ubovu ni mfumo wa kupooza usioweza kulirudisha chini, na huo unapimika ukiwa umesimama palepale uani kwa muuzaji.

Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili. Gusa injini pembeni: iwe baridi. Ukiwasha, dashibodi iandike "Lo" sehemu ya joto badala ya namba. Ikiandika namba kubwa moja kwa moja, mtu ameipasha moto kabla hujafika, na anayepasha injini ana sababu, mara nyingi ni kuficha kelele au moshi wa kuwashia.

Iache kwenye frii, usivute mafuta. Namba itapanda polepole hadi kupita 100, na muda mfupi baadaye feni iwake yenyewe. Hapo ndipo pa kukazia macho. Feni ikiwaka, joto lishuke nyuzi kadhaa, feni izime, kisha lipande tena na feni irudi. Subiri mizunguko mitatu ya namna hiyo. Ikifika 110 na feni iko kimya, zima: huenda ni fyuzi, rilei (swichi ya umeme), waya au mota ya feni. Feni ikizunguka lakini namba haishuki, rejeta ndiyo yenye kesi. Ama mapezi yake yameziba tope na wadudu, ama yamelala kwa kupigwa presha ya maji ya kuoshea magari, ama ndani kuna gamba la chumvi iliyoganda.

Gamba hilo Dar lina chanzo chake. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, ikipungua, mtu anajaza maji ya kisima, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Angalia chupa ya akiba: kulanti nzima ina rangi safi ya kijani, bluu au nyekundu kutegemea aina. Rangi ya kutu, au maji matupu, maana yake mfumo umeshaanza kuliwa kwa ndani. Utando wa mafuta juu yake ni habari mbaya zaidi, inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji ya ndani yana presha na yamepita nyuzi 100, yatakurukia usoni.

Breki

Diski mbili za mbele za milimita 320 hazina shida. Wanaolalamika husema mpini wa breki ni mlaini, hauna hisia. Kabla ya kuilaumu pikipiki, ilaumu fluidi. Fluidi ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Ibane breki ya mbele kwa nguvu, hesabu hadi thelathini. Mpini ukizidi kuzama taratibu, kuna uvujaji au mpira wa pampu umechoka. Ukibaki palepale lakini ni mlaini, na ukipampu mara tatu unakuwa mgumu, kuna hewa ndani. Fluidi ya rangi ya chai ya rangi imeshapita wakati. Weka fluidi mpya ya aina ya DOT 4, na badilisha kila miaka miwili hata kama hujaendesha sana.

Chini, rimu na matuta

Nafasi kutoka ardhini ni milimita 130 tu. Tuta la mtaani lililojengwa kwa hasira za wakazi linaigusa bila shida. Lala chini utazame tumbo: michubuko kwenye kava ya chini ni kawaida, lakini ekzosi iliyobonyea, au mikwaruzo karibu na kifuniko cha kutolea oili, inataka maelezo.

Rimu za toleo hili la kawaida ni za magnesiamu. Ni nyepesi, ndiyo sababu pikipiki inageuka haraka, na waendeshaji wanaisifu kwa hilo. Ila rangi ikibanduka, hewa ya chumvi ya Masaki au Mbezi Beach inaila magnesiamu hiyo upesi, inafanya unga mweupe. Inyanyue pikipiki kwa stendi ya nyuma. Funga kipande cha waya mwembamba kwenye ule mkono unaoshika gurudumu, ncha yake iache nafasi ya milimita moja na ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu polepole. Nafasi ikiongezeka na kupungua, rimu imepinda. Fanya hivyohivyo mbele. Rimu ya magnesiamu iliyopinda au yenye ufa usimpelekee fundi wa kuchomelea wala wa kunyoosha kwa moto: magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji, na rimu iliyonyooshwa hivyo hupasuka siku nyingine bila taarifa. Hesabu bei ya rimu nyingine, uitoe kwenye bei ya pikipiki.

Ukiwa hapohapo, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Vile vinundu vinavyozuia usukani kwenye fremu viwe vizima pande zote mbili. Kikiwa kimebonyea au kimevunjika, pikipiki ilianguka vibaya, hata kama kava zake zinang'aa. Kava mpya zinanunuliwa, nundu la fremu halifichiki.

Gia ya pili, maili na betri

Baadhi ya pikipiki za mwanzo za toleo la 2015 ziliitwa na kiwanda zirekebishwe kwa sababu pinioni (gurudumu dogo la meno) ya gia ya pili ingeweza kuvunjika. Tiba ilikuwa kubadilisha seti ya gia. Omba uthibitisho kwa namba ya chasisi. Usipoupata, kwenye majaribio sikiliza gia ya pili kwa makini, ukivuta na ukiachia: isitoke yenyewe wala isingurume tofauti na ya tatu.

Dashibodi ya pikipiki iliyotoka Uingereza au Marekani huonyesha maili. 15,000 ikionekana ni kilomita 24,000 na ushee. Hili lina uzito, kwa kuwa ukaguzi wa valvu unafanywa kila kilomita 40,000 hivi, na kazi hiyo si ya jioni moja. Tairi nazo zina tarehe: tafuta tarakimu nne ubavuni baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki inayodaiwa kuwa haikutembea, mara nyingi imekaa kwenye tairi ngumu kama sahani.

Betri ni ndogo, YTZ7S ya saa-ampea 6. Ukifunga alamu na kifaa cha kufuatilia mahali ilipo, usishangae ikifa ndani ya wiki mbili za kuegesha. Ipime: volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika, na kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000. Kabla ya kukubali kwamba "sensa imekufa" kwa sababu taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukibana breki) inawaka, pima betri. Volti ikishuka wakati wa kuwasha, kompyuta hulalamika bila kosa. Taa ya ABS hubaki inawaka hadi pikipiki ianze kutembea, kisha izime. Isipozima ndipo utafute tatizo.

Suala la karatasi ni fupi: namba ya chasisi iliyochongwa kwenye fremu, namba ya injini na kadi ya usajili zisomeke sawasawa, herufi kwa herufi. Dalali akisema "zitarekebishwa baadaye", ondoka.

Ukishainunua

Anza na gia. Wengi hupunguza jino moja mbele, 16 kuwa 15, kwa sababu ni rahisi. Inafanya kazi, inaipunguza gia ya kwanza kwa takribani asilimia 6, lakini cheni inapinda zaidi na kuula mpira unaolinda mkono wa nyuma. Afadhali kuongeza mawili nyuma, 41 kuwa 43, kwa karibu asilimia 5. Cheni ileile mara nyingi inatosha, ekseli ya nyuma ikisogea mbele milimita 8. Hakikisha nafasi ya kurekebishia ipo kabla ya kununua sproketi. Mwendo kwenye dashibodi haudanganyiki, kwa kuwa sensa zake ziko kwenye magurudumu yenyewe. Kulegea kwa cheni fuata kibandiko kilicho kwenye mkono wa nyuma, kisha pima tena baada ya kilomita 100. Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, si petroli, maana petroli inakausha vile vijipete vya mpira.

Mwaga kulanti yote, suuza kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, hadi yatoke safi, weka kulanti mpya nusu kwa nusu. Ukinunua maji ya betri kwa kazi hii, soma chupa: yawe yale yasiyo na asidi.

Mgandamizo wa injini ni 13 kwa 1, kwa hiyo petroli iliyochakachuliwa itajionyesha upesi. Injini ikianza kugonga ukiwa kwenye gia kubwa, mizunguko midogo, baada ya kujaza kituo kipya, usirudi kituo hicho. Ulaji wake ni kama lita 7 kwa kilomita 100. Tangi likijaa, Chalinze kwenda na kurudi unaweza, mradi usitumie nusu yake kwenye foleni ya Kimara.

Upepo ni psi 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Geji za wengi wa wajaza upepo barabarani zimechoka, beba ya kwako mfukoni.