Tiketi ikisema 00:30, ondoka nyumbani jana yake

Ndugu zangu mnaosafiri, kuwahi kunaanzia kwenye kusoma tiketi. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu tangu asubuhi, ya tiketi inahesabu tangu katikati ya usiku, na tofauti yake ni saa 6. Toa 6, jibu likizidi 12, toa 12 tena; ila tiketi ikiwa chini ya 07:00, ongeza 6 badala ya kutoa. Kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, na 20:00 ni saa mbili usiku.

Zinazowaumiza watu hasa ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ya Jumamosi 00:30 ni saa sita na nusu usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Dada yangu alifika uwanjani Jumamosi usiku na mabegi yake yote, zawadi za watoto zikiwemo, kumbe ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Tulilia naye kwenye simu.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu tiketi ikishanunuliwa tunaandika kwenye karatasi, kwa maneno kamili: "Kutoka nyumbani Ijumaa saa moja jioni." Tunaandika saa ya kutoka mlangoni, maana ya kuruka ndege haikusaidii ukiwa bado kwenye foleni ya magari. Safari za nje tunajipa saa tatu uwanjani. Karatasi inabandikwa kwenye friji, na mtu mwingine anaisoma pamoja na tiketi ahakikishe vinakubaliana.