Jinsi ya Kujenga Taaluma ya Uhandisi katika Ufufuaji wa Miji

Mhandisi ujenzi anayetaka kufanya kazi ya kufufua miji hana budi kuelewa mapema kwamba ni nadra kukabidhiwa kiwanja kitupu. Atakuta majengo yenye watu, mabomba yasiyoonekana kwenye ramani yoyote, misingi ya zamani iliyofukiwa, na pengine udongo uliochafuliwa na kiwanda kilichofungwa zamani. Kwa hiyo ujuzi wa kuchunguza kilichopo hutangulia ule wa kuchora kitakachokuja.

Miaka ya mwanzo baada ya shahada itumie katika miundo, udongo au maji, chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Anayejiita mtaalamu wa maendeleo endelevu ilhali hawezi kukokotoa mzigo unaobebwa na nguzo huishia kuandika ripoti tu, na kwa maoni yangu ni haki yake.

Kisha jifunze kupima afya ya majengo ya zamani. Ukibandua kipande kidogo cha zege kwenye nguzo na papo hapo kunyunyizia fenolfthaleini, kemikali inayobadilika rangi palipo na ualkali, pale palipovunjika, zege ambalo bado lina ualkali wa kutosha hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, ilhali sehemu iliyokwisha kuathiriwa na kaboni dioksidi ya hewani hubaki bila rangi. Pima kwa rula kina cha sehemu hiyo isiyogeuka, kisha ukilinganishe na unene wa zege linalofunika nondo. Iwapo kina hicho kimezifikia nondo, kinga yake dhidi ya kutu imeondoka, na suala la kukarabati au kubomoa linaanza kujadiliwa kwa ushahidi badala ya hisia. Rudia kipimo sehemu mbalimbali, kwani nguzo inayopigwa na mvua na ile iliyo ndani hazichakai kwa namna moja.

Uamuzi huo unagusa mazingira moja kwa moja. Uzalishaji wa saruji unakadiriwa kuchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, hivyo kila boriti inayohifadhiwa hupunguza saruji mpya itakayohitajika. Hesabu ya kaboni iende sambamba na makadirio ya gharama tangu mchoro wa awali. Ikiletwa mwishoni huwa pambo tu.

Soma pia miradi iliyokamilika, pamoja na kasoro zake. Jijini Seoul, Korea Kusini, barabara ya juu iliyopita juu ya mkondo wa Cheonggyecheon ilianza kubomolewa mwaka 2003, na mwaka 2005 sehemu ya mkondo huo, yenye urefu wa takriban kilomita 5.8, ikafunguliwa kwa umma. Mandhari yake husifiwa sana, lakini mhandisi aangalie kwamba maji mengi yanayopita humo husukumwa kwa pampu, hasa kutoka Mto Han, na pampu hizo zinahitaji umeme wakati wote. Nchini Ujerumani, Mto Emscher uliokuwa umegeuzwa mfereji wa wazi wa majitaka ulianza kurekebishwa mwaka 1992, na majitaka yakakoma kuingia humo mwishoni mwa mwaka 2021. Muda huo mrefu unaeleweka ukizingatia mpangilio wa kazi: mitambo ya kusafisha majitaka na bomba kuu la chini ya ardhi lenye urefu wa kilomita 51 vilipaswa kuwepo kabla ya kila sehemu ya mto kurudishiwa kingo zake za asili.

Wakazi wasiitwe kuonyeshwa michoro iliyokwisha kupitishwa. Waulize mapema maji ya mvua husimama wapi na hukauka baada ya muda gani, kisha tembea nao hadi kwenye alama za mafuriko zilizobaki ukutani, uzipime kimo na kuziingiza katika hesabu ya mifereji.

Kwa kila mradi, andika uamuzi uliokuwa wako, njia mbadala ulizozikataa na hesabu zilizokuongoza, kisha umwombe msimamizi wako atie saini wakati kazi bado ni mbichi. Bodi nyingi za usajili huhitaji ushahidi wa namna hiyo, na kuutafuta baada ya mkandarasi kuondoka na ofisi ya mradi kufungwa ni kazi ngumu.