Taa ya nyuma ya baiskeli inayoonekana mchana kweupe, unaichaguaje

Ukimwambia mtu awashe taa ya baiskeli saa saba mchana anakuangalia kama umechanganyikiwa, jua lote hilo taa ya nini? Sasa fikiria dereva anakuja nyuma yako na spidi 80, kila sekunde moja anakula kama mita 22, na we uko chini ya kivuli cha miti umevaa shati la kijivu, kwake hapo we na kivuli ni kitu kimoja. Taa inakutoa kwenye hicho kivuli akiwa bado mbali, ana muda wa kusogea. Na hizi sio stori za wauza taa tu, kule Odense, Denmark, walifanya jaribio na waendesha baiskeli 3,845, kundi moja likafungiwa taa za kuwaka muda wote mchana na usiku, lingine likabaki kama kawaida, waliokuwa na taa wakapata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19.

Haya, twende dukani. Kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni lumeni, na hapa ndo wengi tunapigwa. Taa ya lumeni 15 au 20 usiku inatosha kabisa ila mchana inamezwa na jua, kwa hiyo anzia kama 100 hivi kwenda juu. Lakini lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa ukijumlishwa, haikwambii unaenda wapi! Taa mbili zote za 100, moja ina lenzi inayokusanya mwanga na kuusukuma nyuma, nyingine inaumwaga kila upande mpaka unamulika matairi yako mwenyewe, kwa dereva aliye mbali hizo sio taa zinazofanana hata kidogo. Mi niliwahi kununua moja imeandikwa namba kubwa kwenye boksi, dukani ikanichoma macho nikajua hii ndo yenyewe, nimefika nje jua la mchana nikarudi hatua arobaini tu sijui kama imewaka au imezima. Ndani ya duka kila taa ni kali bwana.

Kwa hiyo omba uijaribu nje. Egemeza baiskeli juani, washa taa, halafu tembea kuelekea nyuma yake hatua kama 150 ndefu ndefu ndo ugeuke, bado inakuvuta macho au unaitafuta? Ukiwa huko huko sogea kushoto na kulia kidogo, maana kuna taa ukiwa nyuma yake sawasawa ni moto, ukikaa pembeni kidogo tu inapotea, na barabara zina kona. Muuzaji akikataa isitoke nje basi chukua ile ambayo atakubali uirudishe.

Moodi ya kumeta, yaani kuwaka na kuzima haraka haraka, ndo ya mchana. Jicho linashtuka na kitu kinachobadilika, na zile zinazometa bila mpangilio, mfano mbili fupi halafu moja kali halafu kimya kidogo, zinashtua zaidi ya zinazoenda tik tik tik kama saa ya ukutani. Tena kwa vile muda mwingi taa imezima, betri inapumzika, ndo maana inaweza kupiga mwanga mkali vile bila kuisha haraka. Giza likiingia badilisha, weka inayowaka moja kwa moja na uipunguze, maana kumeta kwa nguvu usiku kunamuumiza macho anayekufuata na anashindwa kukadiria uko mbali kiasi gani. Angalia na sheria za barabara za unapoishi pia, Ujerumani kwa mfano taa ya baiskeli inayometa hairuhusiwi.

Kuhusu betri, ile "saa 40" iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni ya moodi dhaifu kuliko zote, we tafuta masaa ya moodi ya mchana, na ulinganishe na safari yako ya kwenda na kurudi ibaki na akiba. Iwe na kitaa kidogo cha kuonyesha chaji inaisha, maana taa ya nyuma ikizima huioni. Maji nayo, tairi la nyuma linarusha tope moja kwa moja kwenye taa, angalia alama ya kuzuia maji kwenye boksi, IPX4 inavumilia kurushiwa maji, IPX7 inavumilia hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Kile kiraba cha kufunika tundu la chaji ndo huwa kinaanza kuchoka, kivute vute kabla hujalipa.

Ukishafunga, nenda nyuma ukachuchumae uangalie. Nusu ya taa ninazoziona barabarani zinamulika lami au zinamulika mawingu, taa kali ya pesa nyingi imefungwa kwenye kibegi cha chini ya siti kimelegea inaning'inia tu. Taa iangalie nyuma sawasawa, isimame wima, koti lisiifunike, na kama unabeba mizigo ihamishie nyuma ya karia. Na kitambaa kiwe mfukoni, ukishapita kwenye matope futa lenzi kabla hujaendelea.