Vitamini C kwa mwenye gauti: kiasi gani, na nani asiitumie

Gauti ni ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu, basi anza kwa kuipima asidi hiyo. Lengo ni chini ya miligramu 6 kwa desilita. Bila namba hiyo utameza vidonge kwa kubahatisha. Vitamini C husaidia figo kuitoa asidi hiyo kwenye mkojo, ila kidogo tu. Haishiki nafasi ya alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, wala haitulizi kidole gumba cha mguu ambacho tayari kimevimba na kuwaka moto. Na ukila dagaa kila jioni, wenye purini ambayo mwili huigeuza kuwa asidi hiyo, kidonge hakifui dafu.

Ukiamua kuitumia, miligramu 500 kwa siku zinatosha, baada ya chakula, na maji mengi. Ukivuka 2,000 unaweza kuharisha, na mawe ya figo yanaweza kujengeka. Aliyewahi kupata mawe, au mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu), amwone daktari kwanza.

Chungwa la Muheza lina kama miligramu 70. Kula chungwa zima badala ya juisi: glasi ya juisi hubeba sukari ya machungwa kadhaa, nayo fruktosi, yaani sukari ya matunda, hupandisha asidi ileile.

Soma lebo ya multivitamini: niasini (vitamini B3) ya dozi kubwa huzuia figo kuitoa asidi. Vidonge vya hamira navyo viache dukani, vina purini nyingi.