Somo: Kivuko cha barabara kinachosomeka kwa mguu, sikio na kiganja

Natembea kwa fimbo nyeupe, na barabarani kosa la mtu mwingine linaweza kunigharimu uhai. Somo hili nimewaandikia wahandisi, wakandarasi, mafundi wa taa, na mwananchi yeyote anayetaka kupeleka ombi la kurekebishiwa kivuko. Msingi wake ni mmoja: kila ambacho kivuko kinamwambia mwenye macho, kimwambie asiyeona kupitia sikio au ngozi, na kila kinachosikika pale, kiziwi akione.

Hatua ya 1: Nenda ukasimame pale

Usianze na orodha ya vifaa. Nenda kivukoni pamoja na asiyeona na kiziwi, saa ya msongamano na saa ya utulivu. Asiyeona anatafuta majibu manne: barabara inaanzia wapi, nielekee wapi, nianze lini, na je, nimeshafika ng'ambo? Kivuko kikijibu matatu, la nne atalibahatisha mbele ya malori.

Hatua ya 2: Ukingo ujulikane kwa mguu

Zamani fimbo ilifika ukingoni mwa njia ya miguu, ikadondoka, ukajua umefika. Ilipowekwa miteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, jambo jema kabisa, dalili ile ilifutika. Kinachoirudisha ni vigae vyenye vinundu. Seiichi Miyake wa Japani alivibuni mwaka 1965, na mwaka 1967 vikatandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Lugha yake ina maneno mawili tu. Vinundu: simama, mbele kuna hatari. Mistari mirefu iliyoinuka: fuata huku. Mkandarasi anayevichanganya kwa ajili ya urembo ameandika uongo chini ya miguu ya watu.

Tandika vinundu upana wote wa mteremko, na kina cha sentimita 60 hivi kuelekea barabarani. Ukanda mwembamba mtu huuruka kwa hatua moja bila kuugusa. Rangi itofautiane waziwazi na sakafu inayovizunguka. Wengi wetu tunaobeba fimbo tunaona kidogo, na njano kali kwenye sakafu ya kijivu hutufikia kabla mguu haujakanyaga.

Kisiwa cha katikati ya barabara, pale mtu anaposubiri kabla ya kuvuka upande wa pili, husahauliwa sana. Kiwekee vinundu pande zote mbili, la sivyo mtu atakipita bila kujua na kuingia kwenye magari ya upande wa pili.

Hatua ya 3: Mwelekeo

Hapa ndipo nilipowahi kuponea chupuchupu. Kona ilikuwa na mteremko mmoja uliotumikia vivuko viwili, kwa hiyo ulielekea katikati ya makutano. Niliufuata kwa uaminifu, nikajikuta nimezungukwa na honi. Kila kivuko kiwe na mteremko wake, na ukingo wa vigae uikate njia ya kuvukia kwa pembe mraba, ili nikisawazisha nyayo zangu juu yake niwe nimeelekea ng'ambo. Epuka vivuko vya mshazari pale inapowezekana. Juu ya kisanduku cha kitufe cha kuombea taa ya kuvuka weka mshale ulioinuka, unaoelekea sawasawa na kivuko.

Hatua ya 4: Sauti ya nguzo

Taa ya sauti hutoa milio ya aina mbili. Wa kwanza ni wa kuita: tiki moja kila sekunde, ya chini, inayosikika ukiwa mita chache tu, ili uikute nguzo na kitufe. Wa pili ni wa ruhusa: tiki za harakaharaka taa ya kijani ya waenda kwa miguu inapowaka.

Mahali pa nguzo pana uzito kuliko bei ya kifaa. Iwe kando ya mstari wa kivuko, karibu na ukingo, niweze kubonyeza kisha nirudi kwenye nafasi yangu bila kupoteza mwelekeo. Nguzo mbili za kona moja zitengane kwa mita 3 au zaidi. Zikikaribiana, au zikafungwa kwenye mlingoti mmoja, sauti ya kivuko cha kushoto itamruhusu mtu wa kulia. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko kukosa sauti kabisa, kwa sababu linamtoa mtu mahali salama kwa kumdanganya. Marekani walitumia kwa miaka mingi mlio wa ndege mmoja kwa njia ya kaskazini na kusini, na wa ndege mwingine kwa mashariki na magharibi. Mtu alilazimika kukumbuka mlio upi ni wa wapi na yeye ameelekea wapi, na ndege halisi nao walikuwa wakilia mitini. Mwongozo wao wa baadaye ukapendelea tiki na nguzo zilizotengana.

Hatua ya 5: Mtetemo

Asiyeona na asiyesikia amebaki na kiganja. Australia ina vitufe ambavyo bamba lake la mshale hutetema wakati wa kuvuka. Uingereza, chini ya kisanduku cha kitufe, kuna kikoni kidogo chenye mikwaruzo kinachozunguka taa ya kijani ikiwaka. Unakishika kwa vidole. Kwa kuwa hakina sauti, kinafaa pia pale vivuko viwili vilipo jirani mno.

Hatua ya 6: Kiziwi aone mbali

Ondoa magari yanayoegeshwa karibu na kivuko, kata matawi, hamisha mabango. Gari la wagonjwa likipita taa nyekundu kwa king'ora, kiziwi analijua kwa macho tu. Taa yenye tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma humsaidia sana. Njia ya miguu iwe pana pia: wanaozungumza kwa lugha ya alama hutembea sambamba wakitazamana.

Hatua ya 7: Muda

Taa nyingi hupimwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 hapo inapata sekunde 12 hivi. Lakini mimi sianzi taa inapowaka. Kwanza nasikiliza kama magari yamesimama kweli. Pima kwa mita 0.9, upate sekunde 16 hivi.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Sisi hatuna fedha za taa za sauti. Tuanzie wapi?*

Marahaba. Anzeni na vigae, rangi, na kuondoa maegesho. Mkiinua kivuko kilingane na njia ya miguu, magari yatapunguza mwendo. Ila hapo ukingo umepotea kabisa, kwa hiyo vinundu ni lazima.

*Kaka, majirani wanalalamika kuhusu mlio usiku, wanataka uzimwe.*

Usizimwe. Tafuteni kifaa kinachopima kelele za barabarani na kujirekebisha, kiwe juu kidogo tu ya kelele hizo. Usiku barabara ikitulia, nacho hushuka.

*Mbwa mwongozaji si anaijua taa ya kijani?*

Hapana dada. Mbwa hasomi taa. Mwenye mbwa ndiye anayeamua kuvuka, kisha mbwa hugoma akiona gari linakuja. Mwenye mbwa anahitaji sauti kama mimi.

*Na magari ya umeme, ambayo hayasikiki?*

Nchi nyingi zinayataka yatoe sauti yakiwa kwenye mwendo mdogo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inagusa mwendo hadi kilomita 20 kwa saa. Yakisimama, aghalabu huwa kimya. Kwenye kipilefti au kivuko cha pundamilia kisicho na taa, dereva anaweza kunisimamia kwa heshima nami nisijue kama yupo. Ndiyo sababu vivuko vya barabara pana naviombea taa.

*Nikimkuta asiyeona kivukoni, nimshike mkono?*

Usimshike wala kumvuta. Msalimie, umuulize kama anataka msaada. Akikubali, mpe kiwiko chako akishike yeye. Ukiona fimbo nyeupe yenye mikanda myekundu, katika nchi nyingi huyo hasikii pia. Mguse bega taratibu, uache mkono wako hapo kidogo, kisha umletee kiwiko mkononi mwake.